Uwanja wa mtaa Malindi: uende manispaa, chama cha wakazi au mfadhili?

Ufunguo wa choo cha uwanja wetu umefungwa kwa kamba kwenye kipande cha ndara iliyokatika, usije ukapotelea mfukoni mwa mtu. Anayeushika ni mama muuza viazi karai, pale chini ya mkungu. Hakuna kikao kilichomteua. Kijana aliyekuwa nao alihamia Mtwapa, siku ya kuondoka akampitishia, na tangu hapo yeye ndiye ofisi. Akiwepo, choo kipo. Akienda msibani Ganze, watu huzunguka nyuma ya ukuta.

Naanza na ufunguo huo kwa sababu tumebishana miezi mitatu kuhusu nani apewe uwanja auendeshe, na kila hoja, hata iwe tamu vipi, mwishoni inagonga pale pale: Jumamosi asubuhi choo kitafunguliwa na nani, na sabuni italipwa na nani? Mapendekezo yaliyo mezani ni matatu. Wako wanaotaka tuuachie uwanja manispaa ya Malindi, iliyo chini ya kaunti ya Kilifi, moja kwa moja. Wako wanaotaka wakazi wasajili chama, kitie saini mkataba na manispaa kisha kiendeshe mambo yake. Na wako, hasa vijana wa timu, waliovutiwa na mwekezaji mmoja aliyeahidi nyasi, taa na rangi, naye aweke jina lake langoni. Mimi ni katibu tu wa kamati, kazi yangu kuandika kumbukumbu. Lakini nimeandika maneno ya wengine vya kutosha. Haya hapa ni ya kwangu, kwa yeyote mwenye kiwanja kama chetu, awe Barani, Maweni, Muyeye au ng'ambo Lamu.

Kwanza hati

Njia zote tatu ni bure kama ardhi yenyewe haijulikani ni ya nani. Hii yetu tuliambiwa tangu utotoni kwamba ni "ya serikali". Tulipokwenda kuuliza tukaonyeshwa ramani ya upimaji ambayo eneo hilo limeachwa wazi kwa matumizi ya umma. Hati haikuwepo. Tukarudi uwanjani, tukahesabu hatua kutoka jiwe la mpaka, na upande wa mashariki ukuta wa jirani ulikuwa umeingia hatua kumi na moja. Si ukuta wa jana, umeshaota kuvu. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiupiga mpira tusijue kwamba umesimama ndani ya uwanja wetu wenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazitaja bustani za kaunti, fuo na vifaa vya burudani kuwa kazi ya kaunti. Kwa hiyo kaunti ikikata nyasi haijatufanyia hisani, imefanya kazi yake. Ila kazi kuwa ya kaunti ni jambo moja, na ploti kuandikwa kuwa ya umma, ikawekewa mawe ya mpaka yanayoonekana, ni jambo jingine. Kiwanja kisicho na karatasi ni chambo. Mwaka 1989 palitakiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, na lau si Wangari Maathai na wenzake kupiga kelele mpaka mradi ukafa, leo tungekuwa tukionyeshana kivuli chake. Miaka kumi baadaye mama yule yule alipigwa mpaka akajeruhiwa akiutetea msitu wa Karura. Kama Uhuru Park iliponea chupuchupu, kiwanja chenye magoli ya mabomba ya chuma kitaponea wapi?

Hapa nitoe mfano wa mbali kidogo, maana nitaurudia. Naperville ni mji wa pembezoni mwa Chicago, wa watu wanaolala huko na wengi kufanya kazi kwingine. Huko anayekata shamba kuwa ploti hutakiwa kutoa ardhi ya bustani na ya shule, au fedha badala yake. Wajenzi walikataa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois, na mwaka 1977 mji ukashinda. Kwetu, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti nguvu ya kumwekea masharti anayeomba kugawa ardhi. Kwa mitaa inayokatwa sasa hivi kuelekea Kijiwetanga na kwingineko, siku ya kuokoa uwanja ni siku ile ramani ya ploti inapopelekwa kuidhinishwa. Nyumba zikishapanda mtabaki kuhesabu hatua kama sisi.

Basi kabla ya kupiga kura ya nani aendeshe, andikeni barua kwa manispaa, mpate nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, mkiomba kiwanja kiingizwe kwenye orodha ya ardhi ya umma na mipaka ipimwe upya. Bila hivyo mnagombea usukani wa gari lisilo lenu.

Mfereji umevunjika Jumamosi

Njia nzuri ya kulinganisha ni kuchukua shida moja ndogo na kuipitisha kote. Tuseme kuna mechi saa kumi jioni, na saa tatu asubuhi mtoto amening'inia kwenye mfereji ukakatika. Maji yanamwagika.

Uwanja ukiwa wa manispaa moja kwa moja, unapiga simu ofisi ya wadi, imefungwa hadi Jumatatu. Jumatatu unaambiwa uandike barua. Fundi yupo, lakini kifaa hakimo kwenye bajeti ya mwaka huu, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu wa heri ofisini anaweza kukutolea mfereji kutoka stoo, na nimeona wakifanya hivyo, lakini hapo umesaidiwa na mtu, si na utaratibu.

Ukiwa wa chama, mweka hazina anatuma pesa kwa simu kwa fundi wa bomba wa mtaani, na adhuhuri haijaadhiniwa maji yameshafungwa. Kwa sharti moja: pesa ziwemo.

Ukiwa wa mfadhili, unampigia meneja, na fundi wake anafika na pikipiki na mkoba wa vifaa ndani ya nusu saa. Huyu ndiye mwepesi kuliko wote. Lakini hayo ni ya Desemba. Anayeishi Malindi anajua Mei ilivyo: mvua ya masika, bahari imechafuka, hoteli kadhaa zimefunga milango, wafanyakazi wamerudishwa nyumbani bila mshahara. Mei simu ya meneja haipokelewi.

Manispaa: mikono mikubwa, vidole vizito

Kuna kazi ambazo hakuna chama wala hoteli itakayoziweza. Ukuta mzima, taa za nguzo ndefu, mtaro wa kuondoa maji ya mvua, kubeba taka kila wiki, kumkabili aliyeingiza ukuta hatua kumi na moja. Mama Ngina Waterfront kule Mombasa, ekari 26 za ufuo wa mwamba, ilikarabatiwa mwaka 2019 kwa shilingi milioni 460 za serikali kuu. Michango ya wakazi isingenunua hata ngazi zake. Na kiu ipo. Ukipita Buntwani hapa kwetu jua likizama, utaona watu wanavyotafuta pa kukaa tu, watazame maji, wasinunue chochote.

Ugonjwa wa mkono wa serikali ni kwamba kujenga kuna utepe na kutunza hakuna utepe. Fungu la kujenga hupatikana, fungu la mfagio halina mwenyewe. Na kinachojengwa hujengwa na mtu asiyejua uwanja. Sisi tuliwahi kuletewa mabenchi manne ya saruji na mkandarasi, jina lake tuliache. Akayapanga sawasawa, akayapaka chokaa, yakitazama ukuta. Uwanja uko mgongoni. Mpaka leo wazee hukaa juu ya egemeo, miguu kwenye kikalio, ndipo waone mpira.

Ukichagua manispaa, basi jifunze kalenda yake, maana malalamiko ya Machi hayana mfuko wa kuyatia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Makadirio ya bajeti hupelekwa kabla ya mwisho wa Aprili. Kwa hiyo ombi la taa linatakiwa liwe mezani Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, na lirudiwe kwenye vikao vya maoni ya umma, ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wale wale thelathini. Ukienda na watu kumi wenye karatasi moja inayosema jambo moja, wanaandika. Ukienda na watu mia wenye mambo mia, unakunywa soda unarudi.

Halafu kuna uchaguzi. Mwakilishi wadi akibadilika, kamati iliyosimama naye huanguka naye. Tulionja hilo 2022, na 2027 haiko mbali.

Chama cha wakazi: ndiko nilikoegemea, kwa hofu

Siku hizi kusajili kikundi hakuhitaji ujanja. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 imeweka utaratibu: majina, katiba ya kikundi, viongozi, mnasajiliwa. Kazi huanza baada ya cheti.

Mfano mkubwa wa nchi hii ni Karura. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 uliokuwa pango la majambazi na shabaha ya wanyakuzi, ukaendeshwa kwa pamoja kati ya Shirika la Huduma za Misitu na chama cha wakazi marafiki wa msitu, chini ya sheria inayoruhusu vyama vya jamii kushiriki kutunza misitu. Ua ukawekwa, njia za kutembea zikasafishwa, kiingilio kikalipia walinzi. Leo mama anakimbia peke yake asubuhi mahali ambapo zamani mwanamume hakupita mchana. Ila msisimulie Karura nusu. Mwaka 2025 serikali ilitaka malipo ya mlangoni yapitie eCitizen, mfumo wake wa malipo mtandaoni, chama kikasema hiyo si njia tuliyokubaliana, na wakafikishana mahakamani. Funzo nililolichukua mimi ni moja: mkataba usioandika pesa zinaingia akaunti gani, na nani anatia saini kuzitoa, haujaandikwa. Mengine yote ni salamu.

Karibu na nyumbani tunao Mida. Pale mkono wa bahari unapoingilia mikoko, upande wa Watamu, kuna njia ya mbao iliyoning'inia juu ya matope hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Wageni hulipa, na sehemu ya mapato hulipia karo za watoto wa sekondari wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nimeipita njia ile maji yakiwa yametoka, mbao zikilia chini ya miguu na kaa wakikimbilia mashimoni. Kinachonivutia si uzuri wake. Mzazi ambaye mtoto wake yuko shuleni kwa pesa za mikoko hamwiti mtu akamwonyeshe mti wa kukata. Uwanja wa mpira hauna watalii, lakini hesabu ni ile ile: anayepata kitu hulinda kitu.

Je, uwanja wa mtaa utapata kitu kutoka wapi? Nimeshika daftari letu mwaka mzima, kwa hiyo hapa sibahatishi. Choo, shilingi kumi, ndiyo inayoingia kila siku. Hema la harusi likisimamishwa, familia hulipa kidogo na huacha mashimo ya vigingi. Mashindano ya mtaa huleta pesa za siku mbili tatu. Wachuuzi wa mabuyu na achari hawalipi, na sitaki walipe, kwa kuwa wao ndio macho ya uwanja. Zikijumlishwa zinatosha sabuni, maji na mshahara mdogo wa mfagiaji mmoja. Hazitoshi rangi, na taa ndiyo usizitaje kabisa. Chama kinachojidanganya kwamba kitajitegemea kwa kila kitu hufa mwaka wa pili, mweka hazina akiwa amechoka kukopeshea uwanja pesa za mkewe.

Hofu yangu ni nyingine. Chama kina tabia ya kugeuka shamba la mwenyekiti. Miaka mitano anaongoza, kumi anaongoza, ufunguo uko kwake, timu ya kijana wake inapata saa nzuri. Dawa niliyoipendekeza ni ya kizamani: daftari la mapato na matumizi libandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, kwa mkono, kwa maandishi makubwa, karibu na viazi karai ambako kila mtu husimama akisubiri. Kundi la WhatsApp wazee hawalisomi. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu mwema, aliuliza, "Katibu, kwani hamniamini?" Nikamwambia, "Mzee, nakuamini wewe. Simjui atakayekuja baada yako." Akacheka, lakini hakukubali siku hiyo.

Mfadhili: mtamu mpaka siku ya kuuza

Mtu asidharau njia hii. Huenda bustani iliyofanikiwa kuliko zote pwani yetu ilizaliwa na kampuni ya saruji. Mwaka 1971 René Haller alipewa machimbo yaliyoachwa Bamburi, mwamba mtupu wenye maji ya chumvi chini, akajaribu miti ya aina 26 na michache tu ikapona. Ule uliobeba kazi ni mvinje, mti ule ule wa ufuo wa Casuarina hapa Malindi. Majani yake makavu hayakuoza, yakajaa tu juu ya mwamba, mpaka akaletwa jongoo wa miguu myekundu akayatafuna kuwa udongo. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango. Ni miaka kumi na mitatu kutoka mche wa kwanza hadi mgeni wa kwanza. Nawaambia vijana wetu: mwekezaji mwenye subira ya mivinje na jongoo, mleteni leo hii. Aliyekuja kwetu alitaka picha kabla ya Krismasi.

Na hata aliye mwema hudumu kadiri mali ilivyo yake. Kampuni ya Bamburi yenyewe ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania mwishoni mwa 2024. Sisemi hilo litadhuru bustani. Nasema tu kwamba bustani ya kampuni husafiri na kampuni, na Malindi tumeona hoteli ngapi zikibadilisha mwenyewe, jina na lugha ya langoni.

Rasimu aliyotuletea ilikuwa kurasa nne, nzuri, ina picha. Ukurasa wa tatu, mstari mdogo, ulisema "waendeshaji wataweka saa za matumizi." Mstari huo ndio uwanja wenyewe! Anayeweka saa ndiye mwenye uwanja. Watoto pekupeku wa saa nane mchana hawamo kwenye picha ile, na nyasi za kununuliwa zikishapandwa, wa kwanza kufukuzwa ni wao.

Ukimkubali mfadhili, mpe vitu, usimpe mamlaka. Apande miti, aweke tangi, apake rangi, aandike jina lake kwenye tangi kubwa kadiri apendavyo. Mkataba uwe wa miaka miwili au mitatu, usipite hapo bila wakazi kukaa tena. Kila alichojenga kibaki. Lango lisiwe na bawabu wake.

Njia ya nne, ambayo hatunayo

Naperville, niliyoutaja, bustani zake hazisimamiwi na ofisi ya meya. Tangu 1966 zina bodi yake pembeni, makamishna saba wanaopigiwa kura na wakazi, na fungu lake ndani ya kodi ya majengo. Diwani akianguka, mkata nyasi haanguki. Bodi hiyo huendesha viwanja, njia za miguu, mafunzo ya kuogelea, michezo ya watoto na ya wazee, na mkazi hulipa pungufu kuliko mgeni. Bwawa lao maarufu la kuogelea limo ndani ya machimbo ya mawe ya zamani, jambo ambalo Haller angelielewa mara moja.

Kwetu haiwezekani, maana Katiba imeipa kaunti ndiyo mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na ya burudani, si bodi ya mtaa. Na sidhani ningeitaka nzima nzima. Mji wenye nyumba zenye bei ya kutozwa kodi nene una haki ya kuota ndoto nene. Lakini vipande vyake viwili vinaibika. Kimoja ni pesa za bustani kukaa kapu lake, zisichanganywe na mafuta ya gari la ofisi. Hilo chama kinaweza kulidai kwenye mkataba. Kingine ni kwamba huko bustani huhesabiwa kwa wanaofundishwa na kucheza ndani yake, na sisi huhesabu kuta. Kiwanja chenye mwalimu wa riadha mara mbili kwa wiki kinalindwa kuliko chenye ua wa umeme.

Hilo linanileta kwa wasichana. Timu yao ipo, wanafanya mazoezi saa sita na nusu mchana, jua la utosi, kwa sababu saa kumi na saa kumi na moja zimekamatwa na wavulana tangu enzi. Hakuna aliyewakataza. Kwa hakika hakuna aliyepanga chochote, na pasipo na ratiba mwenye misuli ndiye ratiba. Manispaa ingebandika ratiba asiyeisoma mtu. Mfadhili angewapa jezi. Chama peke yake ndicho kinaweza kumwambia kijana fulani, ambaye mama yake yuko kikaoni, kwamba Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja si zake. Vivyo hivyo swala ya Idd, mikutano ya kampeni na hema za msiba: anayejua kupanga hayo bila kumvunjia mtu heshima ni mwenye mtaa.

Msihamishe jibu hili kwenda ufuoni wala msituni

Rafiki yangu wa Lamu aliniuliza kama ushauri huu unafaa ufuo wa Shela. La. Ufuo una wenyewe wengi mno. Hapa Malindi tu, bahari ya hifadhi imekuwa chini ya serikali kuu tangu 1968 na leo ni ya KWS, shirika la wanyamapori, wavuvi wana kamati yao ya usimamizi wa ufuo, kaunti ina fuo kikatiba, na kaskazi ikivuma mto Sabaki hutuletea matope kutoka bara bila kumwomba yeyote ruhusa. Chama cha mtaa huko ni sauti moja kati ya nyingi. Njia za kutembea za Arabuko-Sokoke nazo ziko ndani ya msitu wa kilomita za mraba 420 unaosimamiwa na mashirika ya serikali kwa pamoja. Wakazi huingia kupitia chama cha jamii cha msitu, kwa makubaliano maalum. Na Gede ni ya Makumbusho ya Taifa, tena tangu 2024 ni urithi wa dunia. Huko usiende na mkungu na viazi karai.

Lamu mjini ndiko kunakofanana nasi kidogo. Uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome una kivuli, mabenchi, punda wanaopita na wazee wa bao, na unaendeshwa na mazoea kuliko karatasi. Kwa sehemu isiyo na magari hilo linatosha. Kwetu matofali huja na lori usiku.

Tulipofika

Kwa uwanja mdogo kama huu, wenye watu wanaojuana, kura yangu niliitia kwenye chama chenye mkataba na manispaa: ardhi na vitu vizito vibaki kwa manispaa, ufunguo, ratiba na mfagio viwe vya chama, na mfadhili akaribishwe kama mgeni anayeleta zawadi. Kama mtaa wenu hauna watu watano wa kukaa kikao bila kugombana, nendeni manispaa moja kwa moja, na muwe watu wa kuandika barua. Kama mna tajiri mwenye subira ya miaka kumi na mitatu, nionyesheni.

Kikao cha mwisho kilipitisha chama kwa kura 31 dhidi ya 19. Rasimu ya mkataba ina vipengele kumi na vinne, na tisa vimekubaliwa. Kilichotukwamisha hadi saa mbili usiku ni kipengele cha sita, kinachosema ufunguo wa choo utashikwa na "afisa wa uwanja atakayeteuliwa na kamati." Mama wa viazi karai alikuwa amekaa nyuma, karai limeshapoa, akasikiliza kikisomwa mara mbili. Kisha akasimama, akauliza kama huyo afisa atakuwepo saa kumi na mbili asubuhi watoto wa madrasa wanapopita. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nimeandika kwenye kumbukumbu: "Swali limepokelewa, linajadiliwa Jumapili."